Reli, Meli na Kamera ya Mgeni: Kuitazama Upya Kigoma ya 1991

Mwaka 1991 Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar ilikuwa imetangulia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena kwa picha za rangi, lakini upande wa bara watu walisubiri hadi 1994 ndipo ITV ikaanza kurusha matangazo, na televisheni ya taifa ikafuata mwaka 2000. Redio ilikuwepo, magazeti yalikuwepo, na filamu za serikali zilitengenezwa. Kilichokosekana ni picha za video za maisha ya kila siku, hasa ya mikoa ya pembezoni: abiria wakigombania dirisha la behewa, makuli wakipakia magunia gatini, nahodha akipiga honi. Katika mwaka huohuo timu ndogo ya BBC iliivuka nchi hadi Kigoma na Ziwa Tanganyika ikiwa na kamera, ikarekodi hasa mambo ya namna hiyo. Haikuja kwa ajili ya Kigoma. Ilikuwa inapita tu, ikielekea Antaktika.

Mfululizo wa vipindi uliotokana na safari hiyo unaitwa Pole to Pole, yaani kutoka ncha ya Kaskazini ya dunia hadi ncha ya Kusini, na ulionyeshwa Uingereza mwaka 1992 katika sehemu nane. Msafiri na msimulizi wake ni Michael Palin, mchekeshaji aliyejulikana kwanza kwa kundi la Monty Python, kisha kwa safari yake ya kuizunguka dunia kwa siku 80 iliyoonyeshwa mwaka 1989. Kanuni ya safari hii ya pili ilikuwa rahisi kiasi cha kuchekesha: fuata mstari wa longitudo wa nyuzi 30 Mashariki kadiri ardhi na siasa zinavyoruhusu, na usipande ndege ila pale njia nyingine inapokosekana kabisa. Vita vya kusini mwa Sudan viliwasukuma mashariki, wakapitia Ethiopia na Kenya, na ili kuurudia mstari wao iliwabidi waikate Tanzania kuelekea magharibi. Hapo ndipo bahati yetu ilipo. Filamu nyingi za kigeni kuhusu Tanzania huishia Ngorongoro na Serengeti. Hii nayo haikujinyima tembo na simba, lakini kanuni ya mstari iliilazimisha iendelee pale ambapo nyingine hugeuza gari: Dodoma, Reli ya Kati, Kigoma, halafu kwa meli ya MV Liemba hadi Mpulungu, Zambia. Iliyowapeleka Kigoma ni jiografia. Hakuna ofisi ya utalii iliyowachagulia cha kupiga picha.

Ukikitazama leo kipande hicho cha safari, zaidi ya miaka 30 baadaye, unaanza kuona jambo ambalo vipeperushi vya utalii vya mkoa huo vimekuwa vikilikosa. Vipeperushi hutaja vituo: jiwe la Livingstone Ujiji, sokwe wa Gombe, sokwe wa Mahale, ufukwe wa ziwa. Kila kimoja kinasimama peke yake na ada yake ya kiingilio. Kipindi cha zamani kinaonyesha kitu kingine kabisa, nacho ni njia. Treni inaleta watu na mizigo gatini, meli inawapokea, meli inawashusha kijiji baada ya kijiji hadi nchi ya jirani. Hoja ya makala haya ni kwamba njia hiyo nzima ndiyo kumbukumbu kuu ya kihistoria ya magharibi mwa Tanzania, kwamba tumeiacha ichakae huku tukipaka chokaa vituo vyake kimoja kimoja, na kwamba filamu ya mpita njia ni miongoni mwa ushahidi bora tulio nao wa jinsi ilivyokuwa ikifanya kazi.

Tuanze na Ujiji, kilomita chache kutoka mjini Kigoma, kwa sababu ndiko mgeni hupelekwa kwanza. Pale kuna mnara uliojengwa mwaka 1927, wakati wa Waingereza, ukieleza kwamba chini ya mwembe uliokuwa hapo Stanley, mwandishi wa gazeti, alikutana na Livingstone, msafiri aliyekuwa mgonjwa, tarehe 10 Novemba 1871. Hiyo ni tarehe ya Stanley. Watafiti wamebishana nayo muda mrefu kwa sababu hesabu za siku za wasafiri wale wawili hazikulingana. Kusini mwa Bujumbura, mahali paitwapo Mugere, kuna jiwe jingine lenye majina hayohayo, na baadhi ya wageni huondoka Burundi wakiamini kwamba salamu maarufu ya Stanley kwa Livingstone ilitolewa kule. Ukweli ni kwamba wawili hao walifika Mugere pamoja baadaye mwezi uleule. Lakini ugomvi wa tarehe na mawe ni mdogo ukilinganishwa na swali ambalo mnara haulijibu: kwa nini Mzungu mgonjwa na mwandishi wa gazeti waliweza kukutana hapo, na si mahali pengine popote katika bara zima? Jibu ni kwamba Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikapumzika Tabora, ikaishia ziwani. Wapagazi wa Kinyamwezi, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, pembe za ndovu na, kwa aibu ya wote walionufaika, watu waliofungwa minyororo, walipita humo kwa miongo mingi. Stanley hakugundua kitu. Alifuata njia iliyokuwa ikijulikana na kila mpagazi. Tangu mwaka 2006 njia hiyo ya watumwa na pembe imo kwenye orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia, na pendekezo hilo linazitaja Bagamoyo, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji kwa pamoja. Kwa hiyo wazo la njia kuwa urithi si langu. Limo kwenye karatasi za serikali tayari.

Mgeni makini hushangaa pia kwamba mnara wa Ujiji uko mbali na maji, ilhali maandishi ya zamani yanauonyesha mji ulio ufukweni. Hapa historia inaingia kwenye maumbile. Ziwa Tanganyika hutoa maji yake kupitia mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Congo. Wakati wa Livingstone mlango wa mto huo ulikuwa umeziba na maji yalikuwa juu. Kizuizi kilipovunjika mwishoni mwa miaka ya 1870, ziwa likashuka kwa takriban mita 10 katika miaka iliyofuata, na ufukwe ukahama. Maji yenyewe hayajawahi kutulia: kati ya 2020 na 2021 yalipanda tena, yakafunika baadhi ya magati na makazi, Kigoma hata Bujumbura. Ndiyo maana picha ya 1991 ya ukingo wa ziwa ina thamani kuliko ya mandhari tu. Ni kipimo. Mtu anayejua mahali kamera iliposimama anaweza kuona gati lilikuwa juu ya maji kiasi gani, na nyumba ya kwanza ilikuwa umbali gani.

Reli ya Kati ilirithi njia ya misafara karibu hatua kwa hatua. Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, mwendo wa takriban kilomita 1,250, miezi michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kigoma ilichaguliwa kwa sababu bandari yake ina kina, na Ujiji, uliokuwa mji mkubwa, ukabaki pembeni ukiitazama stesheni ikijengwa. Sina haja ya kueleza sana juu ya safari ya treni ile. Msomaji yeyote wa Tabora au Uvinza anaijua kuliko Palin.

Meli, yaani Liemba, ndiyo inayostahili nafasi. Ilijengwa mwaka 1913 Papenburg, Ujerumani, katika karakana ya Meyer, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli kwenda Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Waliiita Graf von Goetzen, jina la gavana aliyetawala koloni hili wakati wa Vita vya Majimaji. Ilifungwa mzinga uliotolewa kwenye manowari Königsberg, ile iliyonaswa na Waingereza kwenye delta ya Rufiji, kwa hiyo chuma cha Rufiji kilikuja kupigana Kigoma. Waingereza nao walivuta mashua mbili za kivita, Mimi na Toutou, kwa nchi kavu kupitia Congo hadi ziwani. Kisa hicho ndicho kilichomtia hamasa C. S. Forester kuandika riwaya ya The African Queen. Julai 1916 Wajerumani, wakiona mji unakaribia kutekwa, waliizamisha meli yao wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, lakini kwanza mafundi wakapaka injini grisi nzito, wakitumaini kurudi. Hawakurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakakuta mashine zinafaa, na Mei 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa lenyewe. Kuanzia hapo imekuwa chombo cha abiria: mshono wa vijiji visivyo na barabara kusini mwa Kigoma, Lagosa, Kipili, Kasanga, ambako meli hutia nanga mbali na ufukwe, na mitumbwi ikaja kuizunguka usiku kwa taa na kelele, watu wakishuka kwa ngazi huku magunia ya dagaa na mananasi yakipanda.

Kamera ya Palin iliikuta Liemba katika wakati wa pekee. Injini zake za mvuke zilikuwa zimekwisha kubadilishwa kuwa za dizeli miaka ya 1970, lakini ukarabati mkubwa uliosimamiwa na Wadenmaki ulikuja mwaka 1993, miaka miwili baada ya filamu. Hivyo tunachokiona ni meli kabla ya matengenezo hayo, ikiwa bado chini ya shirika moja na treni, yaani Shirika la Reli. Na muhimu zaidi, tunaliona ziwa kabla ya vita. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Burundi. Mwaka 1994 yakaja mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mwaka 1996 vikaja vita vya Zaire. Mamia ya maelfu ya watu walivuka kuja Kigoma. Mwaka 1997 Liemba ilikodiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi kuwarudisha Wakongo zaidi ya 75,000 kwao, na Mei 2015 ilirudi kwenye kazi hiyohiyo, safari hii ikiwatoa Warundi waliokwama kwenye kijiji kidogo cha Kagunga, kisichofikika kwa gari. Ni nadra kitabu cha mwongozo wa watalii kuiweka meli hii kwenye safu moja na makumbusho, ilhali ni vigumu kutaja kitu kingine katika Afrika Mashariki kilichobeba koloni, vita vya dunia, biashara ya mwambao na wakimbizi, na bado kikakatiwa tiketi ya daraja la tatu.

Pingamizi la kwanza ni la haki: huyu ni mchekeshaji wa Kiingereza aliyepita siku chache, na macho yake ni ya mgeni. Ni kweli, na kuna mahali panapokera. Huko Mpulungu alipelekwa kwa mganga, akaambiwa kwamba ana kivuli kibaya kinachomfuata, na maneno hayo yakageuzwa kuwa jina la sehemu nzima ya saba; baadaye, alipoumia mbavu kwenye maji ya Zambezi, mzaha ule ukarudiwa. Mtazamaji wa hapa anaona hila hiyo ya kupata kicheko: Afrika lazima itoe uchawi, hata katika kipindi ambacho vinginevyo kina adabu. Lakini msimulizi na kamera si mtu mmoja. Msimulizi huamua tunachoambiwa, wakati kamera, hasa ya mpiga picha mtulivu kama Nigel Meakin, huchukua na kisichoulizwa: nguo, bei zilizoandikwa kwa chaki, aina ya baiskeli, namna wanawake wanavyoketi juu ya mizigo yao kuilinda. Palin anazungumza mbele. Ushahidi uko nyuma ya bega lake. Ni mtindo huu wa kutazama unaoitofautisha filamu hii na nyingi za kisasa zinazopigwa kwa ndege ndogo zisizo na rubani, ambako ziwa linaonekana lote na mtu haonekani hata mmoja. Tena Palin ana sifa moja inayofanya ushahidi wake ukaguliwe: kitabu chake cha safari hiyo kimeandikwa kwa mpangilio wa shajara, siku kwa siku, kwa hiyo picha inaweza kupangiwa mahali na wakati wake. Picha nyingi za watalii hazina hata hilo.

Pingamizi la pili ni kali zaidi, na hutolewa na watu wa Kigoma wenyewe. Wanasema: mnachokiita urithi ni taabu yetu. Treni ya siku mbili, meli inayochelewa, mama mjamzito anayeshushwa kwenye mtumbwi usiku wa manane. Nani anataka hayo yahifadhiwe ili wageni wapige picha? Treni ya umeme ilianza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, na reli ya kisasa inaendelea kujengwa kuelekea Tabora na Kigoma. Anayelilia behewa la zamani mbele ya maendeleo hayo anastahili kuulizwa kama amewahi kulala ndani yake. Nalikubali pingamizi hili karibu lote. Ila linachanganya mambo mawili: kuhifadhi njia na kuhifadhi adha. Kilichofanya njia ile iwe na maana ni muungano wake, yaani ratiba ya treni kuisubiri meli na meli kuisubiri treni, na huduma kufika hadi kijiji cha mwisho. Muungano huo ndio uliovunjika. Liemba ilisimama mwishoni mwa miaka ya 2010, serikali ikaingia mkataba wa kuikarabati, na kwa miaka hiyo yote wakazi wa mwambao wamerudi kwenye boti za mbao zinazojazwa kupita kiasi. Wao hawakupata mwendo kasi badala ya urithi. Walikosa vyote viwili. Filamu ya 1991 inamsaidia hata asiyejali historia hata kidogo, kwa sababu inaonyesha kiwango cha huduma kilichokuwepo katika nchi maskini kuliko ilivyo leo.

Wapo pia watakaosema kwamba kivutio cha kweli cha Kigoma ni maumbile, na historia ni nyongeza. Gombe ina hoja nzito: Jane Goodall alitua pale Julai 1960, na utafiti wa sokwe haujakatika tangu hapo, hifadhi ya taifa ikatangazwa mwaka 1968. Ila ziwa lenyewe, lenye urefu wa kilomita 673 na kina cha takriban mita 1,470, ndilo hifadhi kubwa kuliko zote za mkoa, na mnyama wake mkuu haonekani kwa darubini. Humo mna aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya perege, karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani, na mna dagaa, ambao ndio uchumi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kuongezeka kwa joto kunapunguza mchanganyiko wa maji ya juu na ya chini, hivyo virutubisho havipandi na chakula cha dagaa kinapungua. Uvuvi uliozidi ukaongezea. Mwaka 2024 Tanzania ililifunga ziwa kwa shughuli za uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Takwimu za samaki wa miaka iliyopita zina mapengo, na kumbukumbu za wavuvi hutofautiana. Picha za magunia gatini haziwezi kuziba mapengo hayo, nisije nikadai makubwa, lakini zinaweza kumsaidia mvuvi mzee wa Katonga, Kigoma, kueleza ni samaki gani waliuzwa kwa wingi, kwa vyombo gani, na kwa taa za aina gani kabla ya hizi za sola.

Hilo linatuleta kwenye kazi inayoweza kufanywa bila fedha nyingi. Mabaharia na wachukuzi waliokuwa vijana mwaka 1991 sasa wako kwenye miaka ya 50 na 60. Waliokuwa maofisa wa stesheni wengi wamestaafu. Kuwaketisha mbele ya kipande hicho cha filamu, kukisimamisha picha kwa picha na kuwarekodi wakitaja majina ya vyombo, ya magati, ya vyakula na ya watu, ni kazi ambayo idara ya historia ya chuo kikuu au maktaba ya mkoa inaweza kuianza muhula mmoja. Haki za filamu ni za BBC, na makubaliano ya kuitumia kwa elimu yatahitaji barua na uvumilivu. Majina yatakayotajwa na wazee yatakuwa yetu. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, ila katika kisa hiki mgeni alishakuja na kuondoka, na tiba aliyoiacha haijafunguliwa. Ukarabati wa Liemba nao unahitaji maelezo hayo sasa hivi, kabla mafundi hawajaamua sehemu gani ya chuma cha 1913 ibaki na ipi ikatwe, vyumba vya daraja la kwanza viwe vingapi, na kama ngazi ile ya pembeni, iliyowashusha watu wa Kipili na Kasanga kwenye mitumbwi yao, itatengenezwa upya ama itaondolewa.